Ua wa Mama na Maji ya Baba Mdogo

Nyumba yangu nimeijenga kwa hasira. Wageni wakiingia uani husimama, huvuta pumzi, kisha huniambia, mama, hapa kwako kuna ubaridi mzuri, nani alikuchorea ramani? Nawajibu kwamba sikuchorewa na mtu. Sipendi kueleza zaidi, maana ukimwambia mgeni kwamba ua anaousifu umeusimamisha ili kumkomoa marehemu, hata chai atainywa kwa wasiwasi. Lakini ndivyo ilivyo. Kila tofali lililopanda, kuna uso mmoja nilikuwa nautazama.

Upande wa mashariki, unakotoka upepo wetu wa Singida usiojua hodi, nimepanda minyaa safu mbili. Njia ya kuingilia sikuinyoosha. Unaingia kwa mwanya wa kushoto, unatembea kidogo katikati ya safu, ndipo unaukuta mwanya wa pili upande wa kulia. Upepo uliobeba vumbi haujui kukata kona, kwa hiyo mzigo wake unautua hukohuko nje. Baada ya minyaa kuna miarobaini, na hewa inayofika barazani ni hewa tu, haina mchanga. Juu ya baraza nimetandaza fito, na juu ya fito nimeacha madodoki yatambae. Jua la saa saba likipita hapo linashuka vipande vipande, unaweza kuchambua mboga bila kukunja uso. Kwenye kona ya jiko ipo mitungi mitatu, mmoja juu ya mwingine, na chini yake pameota mlenda, kwa sababu hata tone linalopotea lina kazi.

Hakuna hata kimoja nilichokibuni mimi. Vyote vilikuwa vya mama yangu, na vyote vilivunjwa na mtu aliyezaliwa tumbo moja na baba yangu.

Kwetu kulikuwa upande wa Mungaa, kwenye tembe la udongo lenye paa bapa ambalo baba alilijenga kabla sijazaliwa. Mama alikuwa na kifua kibaya. Vumbi likimwingia alikohoa mpaka akashika ukuta, na macho yake yalikuwa mekundu miezi yote ya kiangazi. Watu wengine wangejikunyata ndani wakangoja masika. Yeye aliamua kwamba kama vumbi haliwezi kuachana naye, ataliwekea milango. Minyaa ya safu mbili ilikuwa yake. Juu ya paa alitoboa tundu, akaliwekea shingo ya chungu kilichovunjika, na chini yake akafunga chekecheke kuukuu. Udongo uliopukutika kutoka darini ulinaswa humo, na mwanga ukashuka sakafuni ukiwa nukta nukta. Sisi watoto tulikuwa tunazikanyaga zile nukta, tukishindana nani atazimaliza.

Maji ndiyo yaliyokuwa fahari yake. Huko kwetu maji mazuri ya kiangazi yalipatikana kwa kuchimba mchanga wa mto uliokauka. Unachimba, unangoja, yanajichuja yenyewe na kujaa taratibu, yakiwa safi. Mama alisema kama mchanga unafanya kazi hiyo mtoni, utashindwaje nyumbani? Akatoboa mitungi miwili matakoni, akaziba matundu kwa katani. Wa juu akaujaza mkaa uliopondwa na mchanga mnene, wa katikati mchanga laini uliooshwa, na wa chini ukawa wa kupokea. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yaliingia juu, na chini yakatoka maji unayoweza kujitazama ndani yake. Mpita njia yeyote alipewa. Mama alikuwa na neno lake moja ambalo alilirudia mpaka likatuchosha, kwamba maji hayanyimwi mtu.

Baba alipofariki, mdogo wake alikuja kumrithi mama, kama desturi ilivyotaka. Mama akakataa. Hakukataa kwa matusi. Alimkaribisha, akampa maji, akamwambia mbele ya wazee kwamba amezeeka vya kutosha kuishi na watoto wake. Baba mdogo alikunywa yale maji yote, akashukuru, akaondoka. Nadhani toka siku ile alikuwa akitafuta pa kumshika.

Operesheni ya vijiji ikampa pa kumshika. Redio ilisema tuishi pamoja, tulime pamoja, shule na zahanati zitatufuata, na mimi sikuona ubaya wa hayo, wala leo siuoni. Ubaya niliuona kwa aliyekabidhiwa kuyatekeleza. Baba mdogo alichaguliwa mwenyekiti wa kijiji kipya. Watu wengine walipewa muda wa kuvuna na kubomoa wenyewe. Kwa mama alifika na mgambo uwele ukiwa bado shambani. Walishusha miti ya paa, wakabeba milango, na vitu vyetu vikapandishwa kwenye gari. Mitungi ilipofika mlangoni mikononi mwa kaka yangu, baba mdogo aliizuia.

"Kijijini kuna lambo la wote," alisema. "Shemeji, ukichuja maji ya wote unawaambia watu kwamba ni machafu. Huo ni ubinafsi."

Akaupiga teke mtungi wa juu. Ile mingine mgambo waliimalizia, kwa aibu kidogo, maana na wao walishawahi kunywa pale. Mama aliokota kigae kimoja akakiweka kifuani. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, wa kuposwa, na nilijua kabisa kwamba mtoto hamwangalii mdogo wa baba yake machoni. Nilimwangalia.

Kijiji kilipimwa kwa kamba. Nyumba zilisimama mstari mmoja, zote zikitazama barabara, na barabara ilikuwa upande wa mashariki. Yaani milango yote ilifunguliwa kuupokea upepo kama mgeni wa heshima. Sisi tulipewa kiwanja cha mwisho, pale ambapo ng'ombe wa kijiji kizima walipita asubuhi kwenda lamboni na jioni kurudi. Vumbi la kwato lilikuwa halitui mpaka usiku. Mama alichomeka vijiti vya minyaa mbele ya mlango, na vilipoanza kushika baba mdogo akaja kuving'oa kwa mkono wake, akisema vinaharibu mstari. Alichomeka tena, vikang'olewa tena. Kikohozi cha mama kikabadilika sauti. Zamani kilikuwa kikavu, sasa kilitoka chini kabisa, na baada yake alikaa akihesabu pumzi. Nilianza kuogopa kwamba kiangazi kile hatakimaliza. Kilichohitajika ni ua tu. Vijiti vya bure kutoka porini, na mtu mmoja wa kuviacha viote.

Sasa sikia jambo lililonifanya nimchukie hasa. Mama hakuacha kuchuja maji. Alitafuta debe bovu, akalijaza mkaa na mchanga, akalificha nyuma ya kitanda. Na baba mdogo alijua. Alijua kwa sababu tumbo lake lilikuwa haliyawezi maji ya lambo, ambamo ng'ombe walisimama mpaka magotini na kufanya yao yote. Mama mdogo, mke wake, alikuja kwetu kila jioni na kibuyu chini ya khanga. Mama alimjazia. Mwenyekiti alisimama mikutanoni akilisifu lambo, kisha akaenda kwake kunywa maji ya debe letu. Nilimwambia mama tumnyime. Akanijibu kwa Kinyaturu lile neno lake la siku zote, na safari hii alilisema kwa vipande vitatu, kwa sababu pumzi ilimkatika katikati.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikaa na hasira yangu nikiipalilia.

Halafu wakaja wageni kutoka wilayani kukagua kijiji. Tulifagia barabara, tukapaka kuta chokaa ya udongo mweupe, tukachinja kuku. Asubuhi baba mdogo alituma ujumbe kwamba niende ofisi ya kijiji na maji ya mama yangu ya kuwanywesha wageni, kwenye bakuli letu jeupe la bati lenye ukingo wa buluu. Hakuomba. Alituma, kama mtu anayetuma kwenye ghala lake. Mama alijaza kibuyu akanipa. Nilikiacha nyuma ya nyumba, kivulini, nikashuka lamboni na bakuli.

Ng'ombe walikuwa wameshapita. Sikuchagua sehemu. Nilichota palepale kwato zilipokuwa zimechimba, nikalifunika bakuli kwa kitambaa safi, nikapanda nalo kichwani polepole ili lisimwagike. Njiani nilikutana na wanawake wa kijiji, wakaniambia hongera, umepewa kazi ya heshima. Nikasema asante.

Nilipofika, baba mdogo alikuwa katikati ya hotuba. Wageni walikaa kwenye viti, wanakijiji walikaa chini, mama akiwa upande wa wanawake karibu na ukuta. Baba mdogo aliwaonyesha wageni nyumba zilivyonyooka. Aliwaambia kwamba hapa hakuna mtu anayejitenga, hakuna mtu mwenye maji yake. "Tunakunywa wote lambo moja," alisema, "na afya mnaziona." Kisha akanipa ishara ya kichwa.

Kwetu mwenye mji hawapi wageni kinywaji ambacho yeye hajakionja. Iwe pombe, iwe togwa, iwe maji, mwenye mji hunywa kwanza mbele yao, waone kwamba hakuna baya ndani. Mzee asiyefanya hivyo ni kama amekiri jambo. Ndiyo desturi niliyokuwa nimeitegemea tangu lamboni.

Nilienda moja kwa moja kwake. Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa kama mtoto aliyelelewa vizuri, nikainua bakuli kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba mdogo," nilisema, kwa sauti ya kufika kwenye viti. "Maji ya lambo letu haya."

Akaitikia marahaba. Akaondoa kitambaa.

Bakuli jeupe halifichi kitu. Maji yalikuwa na rangi ya ngozi ya ndama, yenye majani yaliyotafunwa yakizunguka polepole, na kidudu kimoja chenye mkia kikienda na kurudi kana kwamba kimepotea njia. Baba mdogo alitazama ndani kwa muda. Kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya pili maishani mwangu nikamtazama machoni. Angeweza kusema haya siyo, leteni mengine. Lakini mengine yapi, wakati ametoka kusema lambo ni moja? Angeweza kuwapitishia wageni, lakini mwenye mji hapitishi asichoonja. Angeweza kuyamwaga, lakini angeyamwagaje? Maji yaliyoletwa kwa magoti, mbele ya kijiji kizima, yenye jina la kijiji.

Kila mtu alikuwa anangoja. Akanywa.

Hakuonja, alikunywa, kwa kuwa aliogopa nusu bakuli ingefika kwa wageni. Nililiona koromeo lake likipanda na kushuka, na sitadanganya, sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Siku ya harusi yangu haikunifurahisha hivyo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alipomaliza, mgeni mmoja alichungulia bakuli, akaona tope lililobaki chini, akamwambia kwa upole kwamba wao hawana kiu. Wakaendelea na ukaguzi.

Kule kwenye ukuta nikamwona mama amejifunika uso wote kwa khanga, mabega yakimtikisika. Nikadhani kifua kimemshika. Nilikimbia, nikamkalisha vizuri, nikamvuta khanga ili apate hewa. Alikuwa anacheka. Machozi yalimtiririka kwenye yale macho yake mekundu, na alikuwa anacheka bila sauti, bila kukohoa hata kidogo. Sikuwa nimemwona akicheka tangu tembe lishushwe.

Baba mdogo hakunigusa, maana angenipiga kwa kosa gani? La kumletea maji aliyoyasifu? Aliumwa tumbo, na kijiji kizima kilimwombea apone kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Mama akachomeka minyaa tena. Mwenyekiti alipita, akaona vijiti, akaona na mimi niliyekaa mlangoni nikisugua lile bakuli, akaendelea na njia yake. Kufikia masika mengine ua ulikuwa umefika kiunoni, na mitungi mipya imesimama nje hadharani. Mama aliishi mpaka akawapakata watoto wangu, nyuma ya minyaa ile ile.

Watu wa kanisani hunishauri kwamba marehemu husamehewa. Wana haki yao ya kushauri. Bakuli ninalo, liko juu ya kabati, na limechubuka ukingo.

Jioni ile ya wageni tulirudi nyumbani pamoja, mama akiniegemea begani. Kibuyu cha maji safi kilikuwa bado nyuma ya nyumba. Tulikunywa, akakaa akapumzika. Ndipo akaniuliza, kwa uso wa mtu anayeuliza habari za chumvi, kama yale maji ya baba mdogo niliyaacha japo yakatuama kidogo kabla ya kumpa.

Nikamjibu kwamba sikuyaacha.

"Vizuri," alisema mama. "Muhimu hukumnyima."