Jogoo Aliyepona Kabla ya Okoth

Enzi zetu huku Kosele, hukuhesabika mtoto wa kiume mpaka umempanda ng'ombe wa plau. Tulirudi kutoka shambani matope yamekauka miguuni, harufu ya dagaa wa omena wa kukaangwa ikitupokea, kila mmoja akigombea kukaa juu ya dume. Watoto wa leo huanguka kutoka kwenye kochi, simu mkononi, na bado nyumba nzima hukusanyika.

Mdogo wangu Okoth alianguka vibaya kutoka juu ya dume. Mguu ulivimba chini ya goti, ukapinda mahali pasipo na kiungo. Hakuna aliyetaja hospitali. Akaletwa Dani, ndivyo tulivyomwita bibi kizee jirani aliyeunga mifupa. Alipaka samli, akapapasa macho ameyafumba, akamwambia Okoth achezeshe vidole. Kisha akauvuta mguu, Okoth akapiga yowe mpaka mbwa wakabweka, Dani akaufunga kwa mabua ya mtama na kamba ya mkonge.

Halafu akamchukua jogoo mdogo wa Mama, akamvunja mguu, akamfunga vilevile.

"Jogoo akikanyaga, mtoto naye afunguliwe," akasema.

Kazi ya kumlinda jogoo nikapewa mimi. Okoth alilala naye jikoni, akimlisha makombo ya ugali kwa mkono.

Siku moja Okoth akiwa usingizini, nilikimbilia mpira nikaacha mlango wazi. Nguchiro akambeba jogoo. Niliporudi nikakamata mwingine wa rangi ileile, mzima kabisa, nikamfunga mabua. Okoth alipoamka akamtazama sana.

"Huyu si wangu."

"Nyamaza, omera, ndugu yangu. Nilienda mpira tu, Mama atanichuna ngozi."

Akammegea makombo ya ugali.

Haukupita muda, yule jogoo akayapiga teke mabua, akatembea jikoni kama chifu. Mama akapiga vigelegele. Dani alikuwa amekwenda matangani Muhuru Bay, kwa hiyo Mama mwenyewe akamfungua Okoth. Okoth akanitazama, akingoja niseme. Sikusema. Akakanyaga, na mfupa ambao haujashika ukapinda chini yake.

Tangu siku hiyo anachechemea. Dani alimlaumu jogoo. Mama alijilaumu mwenyewe mpaka alipotuacha, nami sikumtua mzigo huo hata siku moja. Hilo huniuma kuliko mguu wenyewe.

Siku hizi mambo ni mengine. Mjukuu wangu ameanguka na bodaboda akavunjika mguu. Hospitalini walipiga picha, wakauona mfupa bila kumgusa, wakamtia plasta ambayo marafiki zake wameijaza majina na michoro. Jogoo wa leo havunjwi mguu, hukaangwa tu. Lakini haraka ya kijana ni ileile.

"Babu, mimi niko fiti. Hii kitu inawasha tu, wacha niikate!"

"Itakatwa na daktari," nikamwambia. Visu vyote vya nyumba nimevificha, na kiti changu nimekiweka mlangoni pake.

Jana Okoth alikuja kumjulia hali, akiegemea fimbo. Akanikuta pale mlangoni, akacheka.

"Leo unalinda vizuri, omera." Akagonga sakafu kwa fimbo. "Na ule mpira wenu, mlishinda?"

Miaka yote hii hakuwahi kuniuliza.

"Tulifungwa," nikamwambia.

Akavuta kiti, akaketi kando yangu, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, tukalinda pamoja.