Mpiga Gitaa wa Bendi ya Chingamu

Wasomaji wangu, Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Izigo. Yule mzee mwenye mwanya, aliyewahi kuwa sura ya bendi ya chingamu, ametutoka. Alikunywa kahawa yake, akasema anajinyoosha kidogo, na hakuamka tena. Nililia kidogo, kisha nikajikuta nacheka peke yangu hadi mke wangu akaja kuuliza kama niko sawa. Niko sawa. Leo siandiki kwa majonzi makubwa, maana mtu huyu ameondoka akiwa ameshinda, na mimi ni mmoja wa wale aliowashinda.

Vijana wa leo hamuijui bendi hiyo. Enzi zetu za suruali za bugaluu, mfanyabiashara mmoja wa Bukoba aliyeuza pipi na chingamu alipata wazo la kuuza bidhaa zake kwa muziki. Akatafuta vijana wanne wenye sura za kuvutia, akawashonea mashati ya rangi moja, akawapeleka Nairobi kurekodi. Nyimbo zilitungwa na watu wengine na vyombo vikapigwa na watu wengine. Vijana wetu waliimba tu. Jukwaani walishika magitaa ambayo hayakuunganishwa na kitu chochote, huku nyuma ya pazia kinasa sauti kikizunguka. Sisi tulijua? Tungejulia wapi. Tulitafuna chingamu, tukacheza, na wasichana wa Rwamishenye waligombana juu ya nani amependwa na yule mwenye mwanya. Nyimbo zilikuwa tamu, na utamu wake ulidumu kama ule wa chingamu yenyewe.

Kilichomwamsha marehemu kilitokea kwao Izigo, kwenye harusi ya binamu yake. Kwetu Wahaya mtu husimama mbele ya hadhara akajisifu kwa aliyoyatenda, na jambo hilo tunaliita kwebuga. Watani zetu wanasema majigambo tumezaliwa nayo, wala sitabishana nao. Lakini kwebuga kuna sharti lake: unajisifia kazi ya mikono yako, si ya jirani. Basi baba yake mdogo alimwita mbele ya watu. "Mwana wange, jina lako limefika hadi Muleba. Simama, waitu, webuge tukusikie." Hilo "waitu" kwetu ni neno la heshima. Akasimama. Akasema, "Mimi ndiye..." Neno la tatu halikuja. Alikaa chini, watu wakadhani ni haya za ujana. Miaka mingi baadaye aliniambia, "Ningesema nini? Mimi ndiye niliyeshika gitaa lisilolia?"

Baada ya harusi ile alimfuata mpiga gitaa mmoja wa pale mjini akaomba kufundishwa tangu mwanzo, yeye ambaye picha yake na gitaa ilibandikwa katika kila duka. Hebu fikirieni aibu hiyo. Alijifunza hadi vidole vikaota sugu, kisha akawavuta na wenzake watatu. Ilipofika santuri ya tatu, wakamwambia tajiri kwamba safari hii watapiga wenyewe au mashati yake atavaa mwenyewe. Tajiri akakubali kwa shingo upande. Ilikuwa miaka ile ambayo vijana wa ng'ambo walikuwa wameingia katika muziki wa ndoto na rangi, magitaa yanayolia kwa mwangwi na sauti zinazorudi kinyumenyume. Vijana wetu walichukua vituko hivyo vyote, wakaongeza enanga, kinanda chetu cha nyuzi, mvua ikipiga majani ya migomba, mvumo wa senene, wale panzi tunaowala kwa hamu, na sauti ya mama mmoja akiita kwa Kihaya kwamba senene wameanguka. Katikati ya yote hayo marehemu alijiebuga kwa sauti yake mwenyewe, juu ya gitaa lake mwenyewe.

Uzinduzi ulifanyika Muleba, katika ukumbi mmoja, jioni ya Novemba yenye manyunyu. Kosa lilikuwa kuchagua Novemba, msimu wenyewe wa kuokota senene. Bendi ilitanguliza mkanda wa senene kwenye vipaza sauti ili kuwaandaa watu, na watu wakaandaliwa kweli kweli. Mvumo ulipojaa ukumbini na yule mama akaita, hakuna Mhaya aliyebaki kwenye kiti. Walitoka wote na makapu, makopo na kanga zilizofungwa mafundo, wengine wakavua na kofia. Nje hapakuwa na senene hata mmoja. Waliokuwa na hasira hawakurudi ndani, waliorudi walirudi kuzomea. Tajiri aliyafungia makasha ya santuri ghalani na bendi ikafa. Mimi, mwandishi chipukizi mwenye ulimi mkali, niliandika kwamba vijana wa chingamu wameshindwa kutafuna mfupa. Nchi nzima ya Kagera ilicheka, nami nikapandishwa kuwa na safu yangu gazetini.

Wiki chache baadaye marehemu alinitembelea ofisini. Alikaa, akatoa salamu zote za kiungwana, akauliza habari za wazazi wangu. Kisha akasema, "Nimesoma uliyoandika. Ile enanga ya upande wa pili uliionaje?"

"Ilizidi kidogo," nikamjibu kwa sauti ya kitaalamu.

"Enanga iko upande wa kwanza tu," akasema.

Wasomaji, nimekutana na aibu nyingi, lakini ile ilinivua nguo. Sikuwa Muleba jioni ile, na santuri sikuwahi kuigusa. Nilikuwa nimesimuliwa na watu waliotoka nje. Naye hakunisuta wala hakunisema kwa mhariri. Alifungua mfuko, akaweka santuri mezani kwangu. "Isikilize, waitu. Ukiona ni mbaya, andika tena kwamba ni mbaya. Nitakubali." Nikaisikiliza kwa siku tatu. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba niliona uchungu. Siku ya nne niliandika safu nzima ya kukiri, na hakuna aliyeisoma, kwa sababu ukweli hauchekeshi.

Kazi ile ililala miaka mingi. Marehemu alirudi Izigo, akalima kahawa, akapiga gitaa lake kibarazani bila kumlalamikia mtu. Ndipo mwalimu mmoja wa sekondari pale Muleba akaipata santuri, akaihamishia kwenye simu, na ghafla ikawa inasikika saluni, kwenye mabasi, harusini. Vijana waliokuwa hawajazaliwa waliujua kila mlio. Mwaka jana walimwalika Muleba. Alipiga mwenyewe, waya umechomekwa mbele ya macho ya wote, kisha akasimama akajiebuga kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Ukumbi ukamwitikia. Hakutoka mtu. Nilikuwa safu ya mbele, na ninaapa sijawahi kumwona binadamu mrefu kiasi kile.

Siku ya mazishi familia ilinipa wasifu niusome. Kwenye kazi zake waliandika: mkulima wa kahawa na mwimbaji. Nikamwomba binti yake mkubwa kalamu.

"Kuna kosa, baba?"

"Kuna upungufu, mwanangu."

Niliposoma "mpiga gitaa", mzee mmoja aliyebaki katika wale wanne alisimama kwa fimbo yake akaanza kupiga makofi, na watu wote wakamfuata, pale pale kaburini, huku padri akisubiri kwa tabasamu. Tutaendelea kuuziwa sura kila siku, na nyingine zitakuwa nzuri sana. Huyu mwenzetu alijifunza gitaa akiwa tayari ni maarufu kwa kulipiga. Mimi nilijifunza kusikiliza nikiwa tayari nalipwa mshahara wa kusikiliza. Yeyote aliyepewa cheo kabla ya kazi bado ana nafasi ya kuifanya kazi yenyewe, mradi akubali kuanza upya mbele za watu, hata kama watazomea.