Neno Nililomtafsiria Mama

Harufu ya mafuta ya taa juu ya nyasi mbichi ndiyo iliyotangulia kuingia nyumbani siku ile, kabla ya watu. Kwetu, upande wa Muleba, nyumba inayosubiri wageni ilitandikwa nyasi sakafuni, na mama alikuwa amezikata alfajiri zikiwa bado na umande, akazitandaza kutoka mlangoni mpaka ukuta wa nyuma. Kisha Bi Zuhura akashuka kwenye lori kutoka Bukoba, akachungulia ndani, akacheka kwa upole na kusema kwamba jiko lake na nyasi havilali chumba kimoja. Tukazifagia zile za katikati, likabaki duara tupu la udongo, na hapo akaliweka jiko lenyewe: la shaba, la kupampu, lenye miguu mitatu myembamba. Pembeni yake akapanga sufuria sita, kubwa mpaka ndogo, ziking'aa hata ukajiona uso. Mimi nilikuwa darasa la nne katika shule ya misheni. Bi Zuhura hakujua Kihaya, na wanawake wa kijiji, mama akiwemo, walikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, cha kuuliza bei na kushukuru. Kwa hiyo siku ile mdomo wa pande zote mbili ulikuwa wangu.

Lazima nieleze kwanza tulivyokuwa tukiishi. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa mtoto wake pekee, tena msichana. Msichana hakurithi kibanja. Migomba yote, na mibuni iliyokuwa chini ya migomba, ilikwenda kwa kaka yake, baba mkubwa wangu, na mimi na mama tukahamia kwenye kijumba cha jikoni nyuma ya nyumba ileile ambayo zamani ilikuwa yetu. Mama alilima, akachuma kahawa, akapika kwa ajili ya baba mkubwa na mke wake, na jioni tukala kilichobaki. Hatukupigwa wala hatukutukanwa. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yetu haikuonekana, lakini kila tulipogeuka tuliisikia ikikaza. Kijijini watu walikuwa wameanza kusema kwamba mwaka wa matanga ukiisha baba mkubwa angemrithi mama awe mke wake wa pili. Mama aliacha kuimba wakati wa kumenya ndizi, nami nikajua.

Bi Zuhura alikuwa mwanamke wa mjini Bukoba, Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka pwani. Alitembeza majiko na sufuria za duka moja la Wahindi, na njia yake ya kuuza ilikuwa ya ajabu kwetu. Aliomba nyumba ya mtu, akaalika wanawake wa kijiji kizima, akapika mbele yao, wakaonja, halafu wakanunua. Mama alikutana naye gulioni Muleba, akambebea mzigo wake mpaka kwenye lori, na katika kupatana kwao kwa maneno machache na vidole vingi, Bi Zuhura akampenda. Alitaka mwanamke wa huku, mwenye lugha ya huku, wa kumfanyia kazi hiyo Muleba yote. Angempa chumba mjini, karibu na kwake, na mimi ningesoma hukohuko. Sharti lilikuwa moja: wafanye pamoja onyesho moja kubwa, ili Bi Zuhura aone kama mama anaweza kusimama mbele za watu. Nilipomtafsiria baba mkubwa jambo hilo, aliguna, kisha akasema, "Akichukuliwa, aende, na binti amchukue. Akishindwa, abaki hapa asinisumbue tena." Akatoa nyumba yake kubwa, maana alipenda kuonekana na watu wengi uani.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita haraka. Wiki moja kabla ya siku hiyo, Bi Zuhura alikuja kupanga mambo, akaniuliza, "Mwanangu, watu wa huku wanapenda kuku?" Nikamjibu, "Wanapenda sana." Halikuwa neno la uongo. Watu wa kwetu walimpenda kuku. Lakini waliomla walikuwa wanaume. Wakati ule mwanamke wa Kihaya hakula kuku, wala mayai, wala senene, wale panzi wa msimu. Aliwakamata, akawasafisha, akawapika, akawapakua, kisha akanawa mikono. Mimi nilijua hayo vizuri kama nilivyojua jina langu, na nilijua pia kwamba watakaoalikwa ni wanawake. Lakini shuleni mwalimu alikuwa akitucheka kwa miiko yetu, akisema ni mambo ya watu walioachwa nyuma, na Bi Zuhura alikuwa amenishika kidevu na kuniita msichana wa kisasa. Niliona haya kumwambia kwamba mama yangu ana mwiko. Nilifikiri labda atabadilisha mwenyewe. Hakubadilisha. Alikuja na majogoo manne, na mama alipowaona wakishushwa kwenye lori aliniangalia kwa mshangao. Nikamwambia ni kwa ajili ya wazee wa kiume. Huo nao ulikuwa uongo wangu.

Walikuja wanawake wengi kuliko nyumba ilivyoweza kubeba. Walijaa ndani mpaka mlangoni, wengine wakakaa uani juu ya majani ya migomba, na watoto migongoni. Wanaume wazee walipanga benchi lao kando na kibuyu chao cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, wakidai wamekuja kulinda nyumba isiungue. Bi Zuhura akamimina spiriti kwenye kijisahani cha jiko, akawasha, moto wa buluu ukazunguka, akaanza kupampu. Jiko likakohoa, likanguruma. Wanawake wa mbele wakarudi nyuma kwa pamoja, wakawakalia wa nyuma. Bibi mmoja jirani yetu, mjane wa siku nyingi, ndiye aliyewarudisha. "Msiogope," alisema. "Linakoroma kama marehemu mume wangu. Tofauti ni kwamba hili linafanya kazi!" Nyumba nzima ikaangua kicheko. Bi Zuhura akaniuliza wamesema nini, nikamwambia, naye akacheka mpaka akafuta machozi kwa ukingo wa kanga. Tangu hapo alikuwa nao mkononi. Alionyesha jinsi ya kuzibua tundu la jiko kwa sindano, jinsi ya kupunguza moto, jinsi sufuria isivyopasuka kama chungu ikianguka, na akaiangusha kweli. Mama alisimama upande wake akirudia kwa Kihaya kila kitu nilichomtafsiria, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba afe. "Hakuna moshi," aliwaambia. "Jamani, nitazameni macho yangu. Nimesimama hapa tangu asubuhi, silii!" Walishangilia. Nikaamini tunakwenda mjini.

Harufu ya kuku na vitunguu na karanga ilipojaa nyumba, kelele zikapungua zenyewe. Bi Zuhura hakuelewa kupungua huko. Alidhani ni njaa. Akapakua kwenye sahani za bati, akazitembeza mstari wa mbele. Sahani zikapita mkono kwa mkono bila kuguswa, kwa heshima, kama watu wanavyopitishiana mtoto aliyelala, mpaka zikatokea mlangoni na kufika kwenye benchi la wazee. Huko zilipokelewa vizuri. "Sisi hatuna mwiko, leteni na nyingine!" mmoja akaita kwa Kihaya, na wenzake wakacheka huku mdomo umejaa. Bi Zuhura alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kukauka. Akachukua sahani ya mwisho, akamnyooshea mama. "Mama Byera, onja wewe, uwaambie wenzako." Byera ndilo jina langu.

Mama aliitazama sahani. Aliinua macho akamwona baba mkubwa, ambaye alikuwa ameacha kutafuna na amesimama sasa mlangoni. Kama angekula, wanawake wale wote wangetoka nje, na ndugu wa baba wangemhesabu kuwa mtu asiye na adabu mpaka kufa. Akaniinamia, akasema taratibu kwa Kihaya, "Mwambie hilo kwetu wanawake ni mwiko. Mwambie simdharau." Lilikuwa jambo rahisi kulisema. Lakini kulisema kulikuwa kukiri kwamba nilijua tangu siku ile ya kwanza, na kwamba majogoo manne na watu wote wale na nafasi ya mama vilikuwa juu ya ulimi wangu. Bi Zuhura alikuwa ananingoja. Nikasema, "Mama anasema ameshiba."

Nakumbuka alivyorudisha sahani kifuani. "Ameshiba?" Alimtazama mama, si mimi. "Nimetoka mjini na mizigo yote hii, nimepika mbele ya kijiji kizima, na mwenyeji wangu ameshiba? Mwuza asiyeonja chake, nani atamwamini?" Akaniambia nitafsiri. Sikutafsiri. Mama alisimama amenyamaza, mikono mbele, macho chini, na kunyamaza huko Bi Zuhura akakuona ni kiburi. Wanawake wakaanza kujipangusa nyasi na kuondoka, wakishukuru. Sufuria mbili tu ndizo zilizonunuliwa, tena na mwanamume. Bi Zuhura alizima jiko, akangoja lipoe, akalifunga kwenye gunia. Alipopanda lorini alinishika kidevu tena, akaagana nami, lakini hakuagana na mama.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuumbuliwa. Hilo ndilo lililonitesa zaidi: nilingoja kila siku jambo litoke, halikutoka. Mwaka wa matanga ukaisha, na mama akahama kutoka kijumba cha jikoni na kuingia nyumba kubwa, mke wa pili. Usiku wa kwanza nililala peke yangu kule nyuma nikisikiliza mvua. Akamzalia baba mkubwa wana wawili. Nawapenda wadogo zangu hao, na ni watu wazuri, na sijapata kujua nifanye nini na ukweli kwamba wamo duniani kwa sababu ya neno langu moja.

Nilipokuwa mtu mzima na nimeolewa mjini, nilimtafuta Bi Zuhura. Alikuwa ameshazeeka, anakaa na wajukuu karibu na soko. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akichambua mchele, na nilipomaliza aliweka ungo chini. "Mwanangu," alisema, "mimi hata nguruwe akipita kwenye chungu sikitumii tena. Ningekosaje kumwelewa mtu aliye na mwiko? Ningenunua nyama ya ng'ombe tu, yakaisha." Kisha akauliza, "Na mama yako, alisemaje ulipomwambia?" Nikamjibu kwamba sijamwambia. Hakunilaumu. Alichukua ungo wake akaendelea kuchambua, nami nikarudi nyumbani kwa miguu na kukaa miaka mingine mingi bila kumwambia.

Nilimwambia mwishoni kabisa, alipokuwa hawezi tena kuketi bila kuegemezwa. Nilifunga mlango, nikapiga magoti kando ya kitanda kama tulivyofundishwa kuwasalimu wakubwa, nikasema niliongopa mara tatu, na nikazitaja zote. Alifumba macho nikadhani amelala. Halafu akasema, "Nilisikia. Kushiba nilikuwa nakujua. Ni neno la sokoni." Nikamwuliza kwa nini basi hakunikanusha palepale, kwa Kiswahili chake chochote kile, hata kwa ishara ya kichwa. "Ulikuwa umesimama mbele za watu wote wale," alisema. "Ningekuumbuaje?" Nikalia. Akaniambia nimgeuze upande wa pili, mgongo unamwuma.

Tulimzika kati ya migomba ya kibanja kilekile. Wanawake waliokuja kutusaidia kupika walipika kuku kwa ajili ya wote, na wasichana wa ukoo wakala mapaja na mabawa wakipiga soga, hakuna mtu aliyegeuza shingo. Siku hizi mjukuu wangu huuza sufuria kwa simu. Hupika mbele ya simu hiyo, huonja mwenyewe kijiko kwa kijiko, na wanunuzi wako Mwanza na Dar es Salaam ambako hajafika. Aliachana na mume aliyemchosha, akapanga chumba chake Kahororo, hapo Bukoba, na hakuna baraza la wazee lililokaa. Namfurahia sana, nami simsimulii kwa lawama. Lakini siku ile mazikoni kwa mama, mkubwa wa wale wadogo zangu wawili alisimama mbele ya watu akamshukuru Mungu kwamba mama yetu aliipenda nyumba hii, hata akakataa kwenda mjini alipoitwa, akachagua kubaki. Watu wakaitikia. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na nafasi ya kusahihisha ilikuwapo, maana waliniuliza kama dada mkubwa ana la kuongeza. Nilimtazama mdogo wangu alivyosimama pale, kofia mkononi, mbele za watu wote wale, nikasema sina.