Maji Niliyoyatoa Kwenye Mahindi

Admin, nifiche jina na uso, lakini habari hii usiifiche: kwa heshima na taadhima natangaza kwamba jogoo mpya wa mama yangu, huko Kabuchai, amepewa jina la Profesa. Sababu zilizotolewa ni mbili. Anawika kuliko wote, na hajawahi kushika jembe.

Sasa mnajua mnaongea na nani. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na nne, nina mke mmoja, nyumba Kitale, kitambi cha heshima, na cheo cha profesa wa uhandisi wa kemikali katika chuo ambacho sitakitaja. Kazi yangu ni kuiga molekuli kwa kompyuta. Yaani zile chembe ndogo ambazo jicho halioni, mimi naziunda kwa hesabu, naziachilia humo ndani, kisha naangalia nani anamshika nani na nani anamwacha nani. Ni umbea tu, ila una shahada. Nyumbani wanadhani natengeneza sabuni. Shangazi mmoja aliniletea redio nimtengenezee.

Miaka tisa iliyopita niliandika utafiti kuhusu ile sumu ya kuvu inayoingia kwenye mahindi. Kompyuta yangu ilionyesha kwamba udongo wa mfinyanzi, kama ule wa kando ya mto wetu, unaishika sumu hiyo kama kupe kwa ng'ombe. Utafiti ukasomwa mbali, ukanipa safari, wanafunzi, na mwishowe uprofesa. Kabuchai wakachinja fahali. Siku hiyo nikapewa kipaza sauti, na mtu wa kwetu Bungoma akipewa kipaza sauti, bana, hasemi machache. Nikasema udongo wa kwetu utaokoa mahindi ya kwetu. Nikaongeza kwamba bado ni mambo ya kompyuta, lakini wakati huo nyama ilikuwa imeiva.

Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima Kiminini. Yeye hakusahau. Mwaka huu wamejenga ghala, na wamesaga udongo wa kuchanganya na mahindi ya wanachama wote. Nikimwambia jambo hili halijapimwa kwa mahindi halisi, anacheka na kuwageukia wenzake: "Mnamwona Prof? Msomi wa kweli hajisifu." Nimejaribu mara tatu. Kila nikikana, napandishwa cheo cha unyenyekevu. Na tayari wengine wanasema ati hakuna haja ya kuanika sana, si udongo upo.

Ghala linafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo. Mgeni wa heshima ni mimi.

Nina mwanafunzi wa uzamifu, tumwite Nekesa. Alirudia hesabu zangu, akaongeza kitu kimoja ambacho hakikuwemo: maji. Udongo ukayakimbilia maji, sumu ukaiacha. Alikuja ofisini na karatasi zake, akasimama mlangoni kama aliyeleta habari ya msiba.

"Prof, nisamehe. Kwa ile kazi yako ya kwanza, maji yako wapi?"

Nikamwambia ni swali zuri, arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Huu ni mwezi wa nne tasnifu yake iko mezani kwangu ikingoja sahihi, naye ameacha kuniuliza. Ananisalimia tu, kwa adabu inayouma.

Jumapili iliyopita nikaenda Kabuchai kupumzisha kichwa. Nikamkuta mama anapima mahindi vile wamepima siku zote: unatia punje kidogo na chumvi kavu ndani ya chupa ya soda, unatikisa, unaacha itulie. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado yana maji. Ilikuwa imeshika. Kando yake ndoo ya udongo uliosagwa, zawadi ya shemeji, maana mama yake Prof hawezi kuwa wa mwisho. Nikamsihi ayaanike tena kwanza. Akanitazama.

"Huu udongo wako, baba, uliujaribu na mahindi makavu ama haya yetu?"

Nikasema makavu.

"Makavu ya wapi? Kwani kwa kompyuta kuna jua?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikacheka pia, ningefanya nini. Kisha akauchanganya udongo ule mbele yangu, akisema mwanawe hawezi kudanganya watu wote wale waliokula fahali. Nami nikamshikia gunia.

Nikisema, wanafunzi waliojenga shahada zao juu ya kazi yangu watasimama wapi? Shemeji ataficha wapi uso, na mke wangu atakaa upande gani? Nikinyamaza, watu watakula ugali wa mahindi yale wakinishukuru.

Na kuna jambo nimewaficha hata ninyi. Nimeandika kana kwamba maji niliyasahau. Mtoto wa mkulima wa mahindi hasahau maji. Niliyaweka mwanzoni kabisa. Kompyuta ikahesabu wiki tatu, na asubuhi ilipomaliza, udongo ulikuwa umeshiba maji na sumu inaelea pembeni, huru. Niliitazama picha ile mpaka chai ikapoa. Nikajiambia nianze na hali rahisi, niyatoe maji, nitayarudisha baadaye. Bila maji udongo ulishika vizuri, picha ikapendeza, nikaandika, na ile baadaye haikufika kamwe. Faili la kwanza sikulifuta. Bado ninalo. Nekesa hajui, mke wangu hajui.

Jumamosi nitapewa kipaza sauti tena. Nianzie kwa nani, kwa mama, kwa Nekesa, ama kwa wale wa Kiminini? Niambieni, hata kwa ukali. Nimezoea kusifiwa na imenifikisha hapa.