Mashine ya Dirishani

Kwa miaka sita nimekuwa fundi wa mtandao wa kampuni moja inayosambaza dawa hapa Kigali, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyenipigia simu kuniambia kitu kinafanya kazi. Ghala liko Gikondo, ofisi ya kupokea oda za maduka ya dawa iko Kimisagara. Kati ya hizo mbili nilivuta nyaya mbili badala ya mmoja. Rauta, kile kifaa kinachoelekeza data, inagawa mzigo kwenye nyaya zote, na mmoja ukikatika mwingine unabeba wote. Nilijivunia kazi ile, jamani, acha tu.

Ofisi ya Kimisagara ilikuwa na kompyuta tatu. Ya dirishani aliitumia mama mmoja aliyekulia Bujumbura, mtu mpole, kazi yake kuingiza oda. Siku moja akanipigia kwamba oda zake zinakwama, anatuma mara tatu ndipo moja ifike. Nikapima kutoka kwenye kompyuta yangu kule Gikondo. Taa za nyaya zote mbili kijani, majibu yanarudi chapchap. Nikamwambia iko sawa. Wiki iliyofuata akapiga tena, nikapima tena, nikamwambia vilevile. Mara ya tatu aliniomba jambo dogo.

"Kaka, njoo ukae kwenye kiti changu, ufanye mwenyewe."

Sikwenda. Nilikuwa nimechoka, na sina sababu nyingine ya kuweka hapo. Nilimwambia hivyohivyo, kwamba nimechoka, na kwamba wenzake wawili walio chumba kimoja naye hawalalamiki, kwa hiyo labda apunguze haraka.

Kisha dawa za sukari za duka moja zikachelewa kwa sababu oda haikufika ghalani. Bosi akatuita kwenye kikao cha asubuhi, wote tumesimama. Akaniuliza mbele ya yule mama kama tatizo ni mtandao. Nikajibu kwamba mtandao hauna tatizo lolote. Mama aliangalia mikono yake tu. Mwezi ulipoisha aliachishwa kazi.

Akaajiriwa mwingine, mwanamke mwenye vidole vinavyokimbia hata huvioni. Siku ya tatu naye akakwama. Ndipo nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Kimisagara, nikakaa kwenye kile kiti. Nikaingiza oda moja. Ikazunguka, ikazunguka, ikaishia hapo.

Kulielewa tatizo kulinichukua nusu saa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Rauta haigawi mzigo kama mtu anavyomega ugali, huyu kipande na yule kipande. Inaangalia anwani ya kompyuta, inaichagulia waya, na kompyuta hiyo itapita hukohuko kila siku. Waya wangu mmoja ulikuwa umekunjwa vibaya mahali fulani. Taa inawaka, lakini sehemu kubwa ya data inayopita humo inapotea njiani. Kompyuta mbili za pale ziliangukia waya mzima, na yangu ya kupimia pia. Ya dirishani peke yake iliangukia ule mbovu. Wiki zote hizo nilikuwa napima njia yangu mwenyewe, halafu namjibu mtu anayepita njia nyingine. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikamweleza bosi kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema nirekebishe waya, na kwamba ile nafasi imeshajazwa.

Nikaenda Gitega, mtaa wa hapahapa Kigali, ambako mama yule sasa anauza viazi na maparachichi mbele ya nyumba anayopanga. Nilimweleza nikiwa nimesimama: kwamba kosa lilikuwa la waya, kwamba nilisema uongo mbele ya watu bila kujua, kwamba nimeomba arudishwe na imeshindikana. Nilitamani anifokee. Angenifokea, ningejua pa kuweka mikono. Yeye alimaliza kumpimia mteja viazi, akajifuta vumbi kwenye kitenge.

"Sasa ile mashine iko inaenda?" akauliza.

"Inaenda."

Akainuka kwenye kigoda alichokuwa amekalia, akakisukuma kwa mguu mpaka kikanifikia.

"Basi kaa, kaka. Umechoka."