Betri Iliyoletwa Peke Yake

Anyitike alizaliwa Rungwe, akaja Ufipa akiwa kijana kufanya kazi ya umeme wa magari katika karakana ya serikali pale Sumbawanga. Alioa Mfipa, Silvana, akajifunza kula ugali wa ulezi bila kuulizia ndizi, na kwa miaka yote hiyo hakukuwa na gari la umma pale mjini ambalo waya zake hazijapita mikononi mwake. Koti lake la kaki lilikuwa na matundu ya asidi kifuani, na Silvana alikuwa ameacha kuyashona.

Enzi zile za kuhamia vijijini, mafuta yalikuwa ya shida. Pikipiki ya kijiji ikififia taa, hakuna aliyethubutu kuchoma petroli kuileta mjini. Walifungua betri, wakaitia kwenye kikapu, wakamkabidhi kondakta wa basi. Anyitike aliichaji, akaongeza maji, akairudisha kwa basi lilelile. Utaratibu huo ulizoeleka, na hakuna aliyeuona ubaya wake.

Mwishoni mwa Julai ilikuja betri ya kijiji cha ujamaa cha Umoja, njia ya Mollo. Haukupita muda ikaja tena. Aliipima, akaiona ni nzima.

"Waambie wasiwashe taa ovyo," alimwambia kondakta, kisha akaendelea na kazi nyingine.

Agosti, upepo wa baridi ukiwa umepamba moto, mwenyekiti wa Umoja alifika karakana mwenyewe. Alikuwa Ndugu Marselino, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Hakukaa alipokaribishwa.

"Umesikia habari za Luciana, mke wa Flavian?"

Anyitike alikuwa hajasikia. Mwenyekiti akamweleza. Luciana alishikwa na uchungu wa kujifungua, mambo yakawa magumu. Wilibrodi, mhudumu wa zahanati, alipanda pikipiki kuja mjini kuita gari la hospitali. Giza lilikuwa linaingia, akawasha taa. Kabla ya nusu ya safari taa ilibaki nyekundu kama kaa la moto, injini ikakohoa, ikazima. Wilibrodi aliitupa kando ya barabara akakimbia kwa miguu. Gari lilipofika Umoja, mtoto alikuwa hai na mama yake alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Watu wanasema Wilibrodi aliimaliza betri kwa kupigia redio," alisema Marselino. "Mkutano ni kesho. Wako wanaotaka afukuzwe kijijini. Nimewaomba wasubiri neno la fundi."

Anyitike alifungasha koleo, balbu moja, vipande vya waya na betri iliyojaa. Mwenyekiti hakumlaumu kwa lolote. Lakini betri ile ilikuwa imepita kwake mara mbili.

Walimwonyesha pikipiki nje ya ghala la kijiji. Ilikuwa ya zamani, ya Kiingereza, iliyoachwa na afisa mmoja wa kupambana na nzige wa bonde la Rukwa. Sasa ilikuwa ya wote. Ilipakwa rangi ya kijani yenye mstari mweusi ubavuni, ikang'aa kama sahani mpya. Wilibrodi alisimama kando yake kama mtu anayelinda maiti.

Bibi mmoja, Cornelia, alikuwa amekaa mlangoni mwa ghala akipepeta ulezi.

"Fundi, usijisumbue," alisema. "Redio ndiyo imeila hiyo betri. Dukani hakuna mawe ya redio tangu Pasaka, kwake muziki haukauki. Huo umeme unatoka mbinguni?"

"Mawe yangu nayaanika juani, bibi," alijibu Wilibrodi. "Umeniona nikiyaanika."

"Nimekuona ukianika soksi."

Wanakamati wawili wa kijiji, waliokuja kushuhudia, wakacheka, kisha wakakumbuka walichokijia, wakaigeukia pikipiki.

Anyitike alianza na betri: akafunga ile iliyojaa aliyokuja nayo, akaipima. Balbu iliwaka vizuri. Akapiga kiki, injini ikaitika, akaangalia mshale wa mita ulio juu ya taa ya mbele. Ulilala upande wa kutoa. Akaongeza moto, mshale haukunyanyuka. Pikipiki ilikuwa inakula betri tu, hairudishi chochote. Kwa hiyo kila betri aliyoijaza mjini ilikuja hapa kuisha, redio iwepo isiwepo.

Akajiuliza, "Dainamo ipo hai?" Akachomoa waya mbili za dainamo, akaziunganisha pamoja ncha za dainamo zilizobaki wazi, akaweka balbu kati ya ncha hizo na bodi ya injini. Injini ilipozunguka polepole, balbu iliwaka mpaka Cornelia akaacha kupepeta. Dainamo ilikuwa nzima; akarudisha waya zake.

Kilibaki kisanduku cha chini ya kiti, kinachofungulia umeme wa dainamo uende kwenye betri. Alifungua kifuniko. Ndani palikuwa safi. Umeme uliingia, lakini kile kidude cha ndani cha kuupitisha hakikunasa. Alikiangalia muda mrefu. Kisha akachukua kipande cha waya, ncha moja akaishika kwenye kisanduku, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Kikalia *tak*. Mshale ukaruka upande wa kuingiza.

Akaondoa waya, mshale ukalala. Akaurudisha, ukaruka.

Alifungua skrubu. Nyuma ya kisanduku, pale panapotakiwa kugusana chuma kwa chuma ili umeme upate njia ya kurudi, palikuwa na rangi. Ilikuwa nene, laini, ya kijani, imepakwa kwa uangalifu mkubwa.

"Nani alipaka?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Wilibrodi aliwatazama wanakamati, walikuwa wanazungumza na Cornelia. Akainama.

"Ilikuwa kwa ajili ya Saba Saba. Wengine walitaka kupaka juu juu. Flavian akakataa. Alifungua kila kitu, akapaka mpaka nyuma, akarudisha. Alisema mali ya wote haipakwi kwa kulipua." Akasogea karibu. "Fundi, sema hujui. Mwache. Mimi naweza kwenda kukaa kwa kaka yangu Milepa."

Anyitike alichukua kisu akaanza kukwangua rangi. Alifikiri jinsi ilivyo rahisi kusema betri ilikuwa imechoka. Watu wangerudi nyumbani, na mtu aliyekimbia usiku kwa ajili ya mke wa mwenzake angehama na jina la mwizi. Kijiji kilichoahidi kwamba mzigo utabebwa na wote kingekuwa kimemtwika mmoja.

Mkutanoni kesho yake Flavian alikaa mbele, kichwa kimenyolewa, mikono magotini. Anyitike alisimama.

"Ndugu zangu, Wilibrodi hakula betri," alisema. "Pikipiki ilikuwa haichaji. Betri ililetwa kwangu peke yake, mara mbili, nami nikaijaza mara mbili bila kuuliza kwa nini inaisha. Ningeuliza, ningekuja. Hilo ni langu. Kilichozuia kuchaji ni rangi iliyoingia nyuma ya kisanduku cha umeme. Aliyepaka hakujua, na hapa kwenye mkutano hakuna ambaye angejua."

Minong'ono ikapita. Hakutaja jina. Halikuhitajika. Flavian alisimama taratibu.

"Nilipaka mimi," alisema. "Nilipaka mikono miwili, rangi juu ya rangi."

Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyeitisha kura. Marselino alisema mkutano umekwisha. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Cornelia alipita mbele ya Wilibrodi, akasimama, akaenda zake.

Flavian alimfuata Anyitike kwenye pikipiki.

"Ungeweza kuniambia pembeni."

"Ningeweza. Lakini mwenzako alishtakiwa mbele ya watu."

Upepo ulimpiga Flavian kichwani pasipo na nywele. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia Wilibrodi. Tangu mazishi walikuwa hawajasemezana.

"Ilizima wapi?"

"Pale kwenye mteremko, kabla ya daraja."

"Ukakimbia kutoka pale?"

"Nikakimbia."

Flavian aliketi chini, kwenye vumbi, akamwonyesha mahali pa kukaa karibu naye.

"Nieleze," alisema. "Yote. Sijamsikia mtu akinieleza."

Wilibrodi akakaa, akaanza kusema.