Nilipanda maua yasiyokufa kwenye shamba la wakwe, nikaitwa kikaoni

Wakuu, salaam kwenu, hasa mliowahi kula ugali wa ukweni. Chumvi nimeiacha jikoni, haya yalinikuta mwenyewe.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yamejaa kila kitu na viwanda vinafungwa. Kiwanda chetu pale Kihonda kikapata mmiliki mpya, tukapunguzwa. Bosi akatuambia tukajiajiri. Sawa, bosi.

Mimi Mnyaturu wa Singida, mke wangu Mwanaidi ni Mluguru wa Matombo. Kodi ikatushinda, tukahamia kwao na binti yetu Asha, bado wa kubebwa mgongoni. Mama mkwe akatupa kipande cha shamba kwenye migomba yake. Tukifukuzwa pale, hatuna pa kwenda.

Majirani wote wanalima mahindi. Mimi mjuaji. Jamaa yangu mtunza bustani wa hoteli moja mjini alinipa miche ya jabera.

Kwa msioyajua, ni maua kama alizeti ndogo, mekundu, ya njano, ya rangi ya chungwa. Ukipanda mara moja yanachanua miaka na miaka. Harusi za mjini zilishaanza kutaka maua halisi, nikaona dili hilo.

Nikayapanda chini ya migomba yasiungue, namwagilia asubuhi na jioni. Yakatoa majani tu, ua hata la dawa hakuna. Mengine yakaoza kwa sababu nilifukia moyo wa mche, pale majani yanapochipukia. Moyo wa jabera unakaa juu ya udongo, andikeni hiyo.

Mama mkwe akapita, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Baba Asha, ua hilo linataka jua. Wewe umelificha kivulini kama mwali."

Nikaelewa somo. Kesho yake alipokwenda sokoni, nikakata migomba yake sita.

Ndiyo, sita. Nitukaneni tu, nimezoea.

Nikapanda upya, moyo juu, maji shinani, asubuhi tu. Baada ya miezi miwili shamba zima ni rangi. Mama mkwe alininunia wiki nzima kwa ajili ya migomba, halafu akasamehe.

Ndipo akaja kaka yake, Mjomba Salumu, mkubwa wa ukoo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mkwe. Maua mazuri. Yanakaa msimu mmoja?"

Kiherehere changu sasa. "Msimu? Haya hayafi, mjomba. Hata wajukuu wangu watayakuta hapahapa."

Akasema "haya", akaondoka. Jumamosi nikaitwa kikao cha ukoo.

Kumbe Uluguruni ardhi ni ya ukoo wa mama. Mkwe unapewa ulime mahindi, maharage, ukivuna basi. Ukipanda kitu cha kudumu umetangaza kwamba shamba ni lako. Na mimi nilishakata migomba yao, nikaweka maua yangu, halafu nikatangaza na warithi. Kwetu Singida ardhi ni ya baba, ningejulia wapi?

Wazee wawili walitaka nifunge mizigo. Niliogopa, sitaki kuwadanganya. Nikamwangalia Mwanaidi anitetee.

Akasimama, akasema, "Yang'olewe yote."

Nilitaka kulia, wakuu.

Akachukua jembe, akatangulia shambani, ukoo mzima nyuma yake. Akang'oa shina moja moja, akaligawa, akalipanda tena palepale kwa mkono wake, wazee wanaangalia. Ilimchukua hadi adhuhuri. Niliposogea kumsaidia akanitolea jicho, nikarudi nyuma.

Alipomaliza, Mjomba akasema, "Haya sasa. Maua ni ya Mwanaidi. Mkwe atamwagilia."

Nikamwagilia. Yale maua yamesomesha watoto wanne, na Matombo nzima wanayaita maua ya Mwanaidi. Mimi hata jina langu sijui kama wanalikumbuka.

Juzi nikajisahau tena. Nimechimba shimo pembeni nipande mparachichi, Asha huyu hapa, mtu mzima sasa, mikono kiunoni.

"Baba, umemwomba nani?"

Nikauweka mche chini, nikamkabidhi jembe. Akaupanda yeye.

Funzo: kabla hujauliza ua linataka jua kiasi gani, uliza udongo ni wa nani.

Waliowahi kulima ukweni mje mseme yaliyowakuta. Nitajibu jioni, saa hizi nakwenda kumwagilia.